Siri ya Bwana Blanchard: Kuchungulia Bila Kupiga Hodi

Jumapili ya tarehe 23 Desemba 1956, siku mbili kabla ya Noeli, televisheni ya CBS ya Marekani ilionyesha mchezo wa nusu saa uitwao Mr. Blanchard's Secret, yaani Siri ya Bwana Blanchard. Ulikuwa sehemu mojawapo ya mfululizo wa Alfred Hitchcock Presents, ulioanza mwaka uliotangulia, na uliongozwa na Hitchcock mwenyewe. Jambo hili la mwisho si dogo. Katika sehemu zote za nusu saa za mfululizo ule, ambazo ni zaidi ya mia mbili, yeye aliongoza 17 tu. Nyingine aliwaachia wenzake. Kwa hiyo anayekuta jina lake hapo ana haki ya kutegemea kitu kizuri. Sisi tuliutazama kwa matumaini hayo, nao umetuangusha. Tunapenda kueleza umetuangusha wapi, kwa kuwa mahali penyewe ni mahali ambapo hata sisi waamini wa Songea huanguka.

Habari ni hii. Babs Fenton, ambaye nafasi yake inachezwa na Mary Scott, ni mwandishi wa hadithi za mauaji. Jirani mpya amehamia karibu naye, Bwana Blanchard, na Babs anaona kwamba mke wa jirani huyo haonekani. Msanii anayetafuta hadithi hakosi kuipata: anaamua kwamba mume amemwua mkewe. Anachungulia, anahesabu taa zinazowaka na kuzimika usiku, anamsumbua mumewe John kwa maneno hayo, na mwishowe anaingia kwa siri katika nyumba ya watu kutafuta ushahidi. Kisha siku moja Bibi Blanchard anakuja mwenyewe kwa Babs, mzima kabisa, kama jirani yeyote anayekuja kusalimia.

Hapo mtu angetegemea Babs anyamaze. Lakini baada ya mgeni kuondoka, kiberiti cha kuwashia sigara hakionekani, na Babs anatunga hadithi ya pili: Bibi Blanchard ni mwizi, ana ugonjwa wa kuiba, na mumewe anamficha kwa aibu. Hadithi hiyo nayo inavunjika. Kiberiti kilikuwa kimechukuliwa ili kitengenezwe, na kinarudishwa kikiwa kizima. Wema wa jirani ulikuwa umehesabiwa kuwa wizi. Mchezo unaishia kwa kicheko, na Babs anabaki mwenye akili ileile, tayari kwa hadithi nyingine.

Tuwe wa haki. Mchezo huu una mazuri yake. Mary Scott anacheza kwa uchangamfu, wala hatumchukii Babs hata tunapoona anapotea. Na habari ya kiberiti imepangwa vizuri sana: kitu kidogo cha mfukoni kinageuka kuwa shtaka, kisha kinageuka tena kuwa zawadi. Tena atakuwepo wa kututetea mchezo kwa kusema kwamba ni kichekesho tu, kimetolewa wiki ya sikukuu, na kwamba kichekesho hakipimwi kwa mizani ya mahubiri. Tunakubali. Hatulalamiki kwamba mchezo unachekesha. Tunalalamika kwamba unatuchekesha bila kutuonyesha nani anayelipa gharama ya kicheko chetu.

Angalia jinsi ulivyotengenezwa. Bwana Blanchard tunamwona kwa macho ya Babs tu. Hatuambiwi anajisikiaje mtu aliyehamia mtaa mpya akakuta jirani anamchungulia. Hatumsikii Bibi Blanchard akijua kwamba mara ya kwanza alihesabiwa maiti na mara ya pili akahesabiwa mwizi. Babs alivunja nyumba ya watu kwa kuingia bila ruhusa, lakini hakuna anayemdai neno. Haombi radhi. Mashtaka mawili mazito, la kuua na la kuiba, yanafutika kama chaki ubaoni. Wote tuliowahi kukaa mtaani tunajua kwamba mashtaka hayafutiki hivyo.

Na Hitchcock alijua hivyo kuliko wengi. Mwezi huohuo wa Desemba 1956 filamu yake The Wrong Man, yaani Mtu Asiye Yeye, ilianza kuonyeshwa katika sinema. Ile ni habari ya kweli, na Hitchcock anatokea mwanzoni mwa filamu kuwahakikishia watazamaji jambo hilo. Manny Balestrero alikuwa mwanamuziki wa New York, mpiga besi katika klabu ya usiku, baba wa watoto, Mkatoliki, mtu mwenye madeni ya kawaida. Januari 1953 alikwenda katika ofisi ya bima kuuliza kama anaweza kukopa kwa bima ya mkewe. Wafanyakazi wa pale, waliokuwa wamewahi kuibiwa kwa kutishiwa, walimtazama wakaona mwizi wao amerudi. Akakamatwa. Mwizi halisi, mtu anayefanana naye, alipatikana baadaye, na Manny akaachiwa. Lakini mkewe Rose alikuwa amekwisha kuvunjika akili kwa mzigo ule, akapelekwa hospitalini.

Wale wanawake wa ofisi ya bima hawakuwa waongo. Walikuwa na hofu, na hofu iliwachorea sura. Ndicho kilichomtokea Babs, ila yeye alichorewa na tamaa ya kupata hadithi. Katika filamu tunaketi pamoja na anayetazamwa, tunasikia mlango wa mahabusu ukifungwa, tunamwona Rose akizimika taratibu kama taa inayoishiwa mafuta. Tena Manny anasali mbele ya picha ya Yesu, na katika picha ileile ya sala tunaonyeshwa uso wa mwizi halisi akija barabarani. Mtengenezaji mmoja, mwezi mmoja, jambo moja: katika sinema aliuliza kushukiwa kunamgharimu nini anayeshukiwa, na katika televisheni hakuuliza. Ndiyo maana tunasema mchezo umetuangusha. Upungufu wake hautokani na kipaji.

Miaka miwili kabla ya hapo, mwaka 1954, alikuwa ametoa filamu nyingine inayofanana zaidi na habari ya Babs, Rear Window, yaani Dirisha la Nyuma. Mpiga picha Jefferies, anayechezwa na James Stewart, amevunjika mguu na anakaa dirishani siku nzima akitazama madirisha ya majirani zake. Nyumba zao zimezunguka ua mmoja. Sisi wa Songea tunaifahamu picha hiyo: ni kama nyumba za kupanga za Mfaranyaki, Bombambili au Lizaboni, ambako wapangaji sita wanagawana uwanja mmoja, kamba moja ya nguo na bomba moja la maji, na kila mmoja anajua mwenzake amepika nini. Tofauti ni kwamba kule joto ndilo lililofungua madirisha, na sisi baridi ya Juni na Julai hutufungia yetu, lakini masikio hayafungiki.

Jefferies anamshuku jirani mmoja kwamba amemwua mkewe, na safari hii ni kweli. Mtu angesema basi filamu hii inahalalisha uchunguliaji. Lakini inafanya jambo ambalo mchezo wa Babs haukuthubutu. Usiku mmoja mbwa mdogo wa mama mmoja anakutwa ameuawa uani. Mama yule anawapigia kelele majirani wote waliotoka madirishani, akiwauliza kama wanajua maana ya ujirani, maana hakuna hata mmoja anayejali mwenzake akiwa hai au akiwa amekufa. Ni swali linalotoboa. Na Jefferies, badala ya kuguswa nalo, anahesabu ni dirisha lipi ambalo mtu wake hakutoka. Hata kilio amekifanya ushahidi.

Katika filamu hiyohiyo yumo mwanamke mpweke aliyepewa na Jefferies jina la utani, ambaye anakaribia kunywa vidonge ili afe. Macho ya watazamaji wake yanavutwa kwa muuaji. Kinachomzuia ni muziki unaotoka katika chumba cha jirani mwingine, mtunzi wa nyimbo anayehangaika filamu nzima kumaliza wimbo wake. Yeye hakumchungulia mtu. Alifanya kazi yake ya sanaa, dirisha likiwa wazi, na kazi hiyo ikamfikia aliyekuwa anazama. Tulinganishe wasanii wawili wa ua ule. Mmoja anajua kila kitu kuhusu yule mama na hampi kitu. Mwingine hajui chochote na anampa uhai.

Hatusemi kwamba msanii asitazame watu. Mwandishi asiyetazama ataandika nini? Hapa kwetu tamthilia ya Siri ya Mtungi, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2012, ilimweka katikati ya hadithi mpiga picha wa Bagamoyo, Cheche. Kazi ya mpiga picha wa studio ina adabu yake: mtu huja kwako kwa miguu yake, anakaa kwenye kiti, anarekebisha kola, anakutazama nawe unamtazama. Picha ni ya wawili. Babs alitaka picha ya jirani pasipo jirani. Kosa lake halikuanza alipokosea jibu. Lilianza pale alipokuwa na swali, na mwenye jibu anakaa karibu, asiende kumwuliza.

Hitchcock mwenyewe alisomeshwa na Wajesuiti katika shule ya Mtakatifu Inyasi huko London. Inyasi wa Loyola, katika Mazoezi ya Kiroho, anaweka mwanzoni kabisa kanuni moja ya ujirani. Mkristo mwema awe mwepesi wa kulichukua neno la mwenzake kwa upande mzuri kuliko kulihukumu. Akishindwa kulichukua vizuri, amwulize mwenyewe analielewaje. Na kama mwenzake amekosea kweli, amrekebishe kwa upendo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2478, inarudia mafundisho hayo chini ya Amri ya Nane, ile inayokataza kumshuhudia jirani uongo. Namba inayotangulia, 2477, inataja dhambi tatu zinazovunja heshima ya mtu: kuhukumu kwa pupa, yaani kuamini ubaya wa mtu bila msingi wa kutosha, hata kama umeuamini moyoni tu, kusengenya, yaani kufichua makosa ya kweli ya mtu kwa wasiohusika pasipo sababu ya haki, na kusingizia.

Maneno hayo "hata moyoni tu" yanatubana. Wengi wetu tunadhani tuko salama maadamu hatujasema. Babs angejitetea hivyohivyo: alimwambia mumewe tu. Lakini Kanisa linaanza kuhesabu mapema zaidi, pale jirani anapohukumiwa ndani yetu pasipo kuitwa kujitetea.

Tena mchezo ule ulionyeshwa Jumapili ya mwisho ya Majilio. Siku hizo Kanisa linamtazama Yosefu, kama anavyoelezwa katika sura ya kwanza ya Injili ya Mathayo. Yosefu hakuwa na taa iliyozimika usiku wala kiberiti kilichopotea. Alikuwa na jambo kubwa lililoonekana wazi: mchumba wake ana mimba, nayo si yake. Kwa hesabu ya kibinadamu ushahidi ulikuwa umekamilika. Hata hivyo, kabla malaika hajamwambia neno, alikuwa ameamua kutomwaibisha Maria mbele ya watu. Alikubali kubaki na jambo asiloweza kulieleza kuliko kulifanya hadithi ya kijiji. Mungu alimkuta hapo, katika kutokujua kwake kwa unyofu, akamfunulia ukweli ambao hakuna mchunguliaji angeubuni.

Sisi tunayo methali inayotufundisha kinyume chake: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Tunaitumia kama muhuri wa mahakama. Mtu akishasemwa, basi. Tuchukue mfano ambao wakazi wa mitaa mingi watautambua. Mama mjane anauza vitumbua asubuhi, na taa ya chumba chake inawaka mpaka usiku wa manane. Mmoja anauliza anafanya nini saa zile. Wa pili anakumbuka kwamba siku aliponunua kwake chenji yake ilipotea. Wa tatu anatamka neno chuma ulete. Kwa wiki tatu wateja wanapita upande wa pili wa njia. Siku mwanamke mmoja wa jumuiya anapopiga hodi usiku, anakuta cherehani na sare za shule za watoto wa watu, kazi ya pili ya kutafuta ada. Ukweli umejulikana. Wateja wangapi wanarudi? Katika mchezo wa televisheni wangerudi wote, wakicheka.

Na chuma ulete ni mwanzo tu. Nchi yetu imeona, hasa katika mikoa ya kanda ya ziwa, wanawake wazee wakiuawa kwa kudhaniwa wachawi kwa sababu macho yao ni mekundu, macho yaliyochomwa na moshi wa jikoni miaka hamsini. Katika nyanda za juu kusini wamepita wapiga ramli wajulikanao kama lambalamba, wakitaja majina ya watu na kuacha vijiji vimegawanyika. Sheria ya Uchawi, iliyotungwa mwaka 1928, inafanya kuwa kosa kumtuhumu mtu uchawi nje ya vyombo vya mamlaka. Sheria imeishi karibu miaka mia, na bado mzee anaweza kuuawa kwa hadithi iliyoanzia dirishani. Anayejua hayo hawezi kuutazama mchezo wa Babs kwa moyo mwepesi kama ulivyokusudiwa.

Hata hivyo, hatupendi kumaliza kwa kusema kila mtu afunge dirisha lake. Hilo ni kosa la pili, na katika mitaa yetu lina madhara yake. Mke anapigwa chumba cha jirani, watoto wanalia, nasi tunaongeza sauti ya redio tukisema ni mambo ya mtu na mkewe. Katika Rear Window Jefferies angefunga pazia, muuaji angeondoka na mizigo yake kwa amani. Jirani kutazamwa kwa jicho la kujali ni haki yake. Kaini aliulizwa habari za ndugu yake, na jibu lake la kujitoa halikupokelewa.

Basi tutofautisheje? Filamu na mchezo, vikiwekwa pamoja, vimetusaidia kupata maswali matatu. La kwanza: je, tumekwenda mlangoni? Anayejali hupiga hodi, hupeleka ugali au pole, huuliza. Anayechungulia anaogopa hodi kwa sababu jibu linaweza kuua hadithi yake. La pili: je, tutafurahi tukigundua kwamba tumekosea? Bibi Blanchard alipotokea mzima, ilipasa iwe furaha kwa Babs. Badala yake alianza kutafuta kosa jingine, na hapo ndipo alipojulikana alikuwa anapenda nini. La tatu: tunamwambia nani? Palipo na hatari ya kweli, kipigo, mtoto anayeumizwa, kuna mwenyekiti wa mtaa, kuna dawati la jinsia na watoto la polisi, kuna paroko na viongozi wa jumuiya wanaojua kutunza neno. Hao wana wajibu wa kuuliza pande zote mbili. Foleni ya bombani haina wajibu huo.

Mchezo wenyewe ulikuwa na jibu mkononi nao haukuliona. Mara zote mbili ukweli uliingia kwa mlango. Mara ya kwanza Bibi Blanchard alikuja kusalimia, mara ya pili kiberiti kilikuja kimetengenezwa. Mtu aliyekuwa akishukiwa ndiye pekee katika hadithi nzima aliyefanya kazi ya jirani: aliona kitu cha mwenzake kimeharibika, akakirekebisha bila kuombwa. Hitchcock angemwacha Babs akae kidogo na kiberiti kile mkononi, kimya, kabla ya kicheko, nusu saa ile ingetosha kuwa mafungo ya Majilio. Aliharakisha kwenda kwenye mzaha.

Tunawashauri wanaoweza kuipata wautazame mchezo huu, kisha watazame The Wrong Man, wiki ileile ikiwezekana, na katika jumuiya wajadili swali moja ambalo mchezo umeliacha: Babs alipaswa kusema nini kwa Bwana na Bibi Blanchard siku kiberiti kiliporudi? Anayeliweka swali hilo mbele ya jirani yake wa kweli, mwenye jina na mlango, atakuwa amefaidika na mchezo mbaya kuliko wengi walivyofaidika na mizuri.